Mwaka Huu Sileti Barafu

Ijumaa, 22 Novemba

Mama mkwe amepiga simu kugawa vyakula vya Sikukuu ya Shukrani. Hakuongea na mimi. Aliongea na mke wangu, Bonnie, mimi nikasimama karibu nikijifanya natafuta chumvi. Mama mkwe mwenyewe: bata mzinga. Bonnie: pai za maboga. Shemeji Darrell, kaka yake Bonnie: sosi ya kranberi. Mimi: barafu.

Barafu! Wisconsin hapa! Mwisho wa Novemba! Nje ya dirisha langu ziwa zima linaganda, bure. Nimemweleza Bonnie hivyo. Akasema barafu ya dukani ni safi zaidi. Nikamuuliza kwa nini mimi peke yangu sipewi chakula. Akasema najua kwa nini, kisha akatazama upande iliko gereji ya mama yake.

Mlango wa gereji ulioungua ulishapakwa rangi. Kukaanga bata mzinga mzima ni kazi ngumu, hata mafundi huunguza. Na ilikuwa zamani.

Lakini inaniuma, na hapa naweza kusema. Katika familia hii mtu ni chakula chake. Marehemu baba mkwe alikuwa viazi vya kuponda. Mpaka leo vikiletwa mezani watu husema, nipitishie viazi vya Vernon. Mimi nimeoa hapa karibu miaka ishirini na bado naitwa yule wa Illinois, jimbo la jirani. Hakuna anayesema nipitishie barafu ya Curtis. Nataka kabla sijafa mtu mmoja aseme, nipitishie sosi ya Curtis.

Maana sosi ya Darrell ni ya kopo! Huyu ni mkulima wa kranberi! Kila Oktoba, wakati wa kuvuna, mashamba yake yanafunikwa maji, matunda yanaelea, kila mahali pekundu. Halafu sikukuu ikifika anakuja na kopo. Analifungua juu na chini, anasukuma, sosi inatoka imesimama wima na alama za pete za kopo ubavuni, anaikata vipande kama mkate. Watu wanampigia makofi. Kila mwaka anasema huwezi kujua, labda hizi ni zangu zinarudi nyumbani. Kila mwaka wanacheka.

Mpango: sosi halisi, ya kupika nyumbani, kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole. Siri mpaka siku yenyewe. Kopo litaaibika lenyewe.

Jumamosi, 23 Novemba

Tatizo dogo. Sosi inataka kranberi, kranberi anazo Darrell. Kumwomba siwezi. Nikaenda kwake nikijifanya naazima ngazi, macho yakipekua banda.

Darrell alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Akaniuliza ngazi ya nini. Nikasema ya kupandia. Akasema, basi umeazima kifaa sahihi, shemeji. Akanielekeza nyuma ya banda nikaichukue mwenyewe. Ilibidi kwanza nisogeze boksi moja zito lililokuwa limeizuia, karibu nivunjike mgongo. Kranberi sikuona hata moja. Nikamuuliza kijanjajanja mavuno yamekwenda wapi. Akasema malori yalishabeba, kwani nilikuwa nataka? Nikasema mimi? Kranberi? Nikacheka. Nadhani nilicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nina ngazi.

Nikapitia dukani, nikanunua kranberi za mifuko. Bonnie aliugeuza mfuko mmoja, akasoma nyuma, akaenda kufunga pazia. Zimelimwa Massachusetts.

Nikamwambia tunda ni tunda. Akaniuliza kama namfahamu mama yake. Akasema baba yake alikataa kuchezea timu ya kanisa ya mchezo wa kuangusha pini kwa sababu kocha alizaliwa Massachusetts. Wale wanajiita wenye kranberi, na sisi ndio tunaolima nyingi, na hilo jeraha halijapona. Akasema yeye hajaona kitu, hayumo.

Nimemimina kranberi kwenye bakuli. Mifuko nimeificha mahali ambapo hakuna atakayeangalia: chini kabisa ya lile boksi la kubebea barafu. Maana mwaka huu sileti barafu.

Jumapili, 24 Novemba

Jaribio la kwanza. Kranberi, sukari, juisi ya chungwa, mdalasini. Maelekezo yanasema usifunue kifuniko. Nikafunua kidogo kuhakikisha kuwa sihitaji kufunua. Zilikuwa vilevile. Nikafunua tena baadaye. Vilevile. Bonnie akapita akasema kila nikichungulia nafukuza moto wote, sufuria inaanza upya, kwa mwendo huo tutakula Pasaka. Nikamwambia mpishi ni lazima ajue kinachoendelea. Akasema hakuna kinachoendelea.

Jioni zilianza kupasuka. Kranberi ikiiva hupasuka kwa nguvu. Nilijua hilo, ila sikujua zinafika juu kiasi kile. Shati la kanisani limeharibika.

Jumatatu, 25 Novemba

Sosi imepatikana. Ni maji. Bonnie alieleza kwa upole, kama anavyomwelezea mbwa, kuwa sufuria hii hairuhusu mvuke kutoka. Kifuniko kinaurudisha wote ndani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia jana. Akasema jana nilikuwa nafunua kifuniko.

Nimeinywa nusu. Si vibaya ukifikiria kuwa ni chai.

Jumanne, 26 Novemba

Jaribio la pili. Leo sikufunua kabisa. Nilikaa juu ya mikono yangu. Mwisho nikatia unga wa jelatini, pakiti moja kama ilivyoandikwa, halafu nyingine kwa ajili ya heshima yangu, halafu zilizobaki. Nikaiweka kwenye friji.

Imeganda! Kijiko kinasimama! Nimeisukuma kwa kidole, imenirudisha. Bonnie alionja, akasema si mbaya.

Si mbaya! Kwa watu wa hapa hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Baba mkwe alisema hivyohivyo alipoonyeshwa mtoto wake wa kwanza.

Jumatano, 27 Novemba

Nimebandika plasta juu ya kifuniko na kuandika jina, kama wanavyofanya wanawake wa kanisani ili sufuria zisichanganyane. Wao huandika jina lao tu. Mimi nimeandika SOSI YA CURTIS kwa herufi kubwa, zionekane mpaka mwisho wa meza.

Tena wazo limenijia nikiwa bafuni. Sosi ya Darrell huliwa baridi. Yangu itakuja mezani ya moto! Sufuria si ya umeme? Nitaichomeka kwa Mama mkwe tukifika. Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria.

Bonnie akauliza kama nimenunua barafu. Nikamwambia hapana, ni suala la msimamo. Akavaa koti, akachukua boksi la barafu, akaenda kulijaza mwenyewe. Nikabaki najipongeza kwa msimamo wangu.

Alhamisi, 28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Naandika ndani ya gari. Nimeombwa nije nipashe injini moto. Nimekuwa nikiipasha kwa muda sasa.

Tulifika mapema. Jikoni hapakuwa na soketi hata moja iliyo wazi. Sufuria za watu zilijaa mpaka dirishani. Mama mkwe akaona sufuria yangu, akasoma kifuniko, akauliza barafu iko wapi. Nikasema ipo, na hii pia ipo. Akasema haya, tafuta pa kuiweka.

Nikashuka nayo chumba cha chini. Huko kuna soketi moja nyuma ya meza, na nyaya mbili zimeshachomekwa, zimejisokota. Moja ni ya oveni ndogo ya umeme ambamo Mama mkwe huokea bata mzinga, kwa sababu jikoni hakuna nafasi. Nyingine ni ya friza ya Darrell, amejaza nyama ya kulungu na kuileta kwa mama yake kana kwamba hana kwake. Nikafikiri, kulungu ameshaganda, saa chache hazitamuumiza. Na nakiri niliona raha kidogo. Nikachomoa waya wa friza, nikachomeka sosi, taa nyekundu ikawaka. Nikapanda juu nikakaa na watu kutazama mpira. Sijawahi kuwa mtulivu vile katika nyumba ile. Darrell aliniuliza mbona natabasamu. Nikasema ni sikukuu.

Haukuwa waya wa friza.

Mama mkwe alishuka kumtoa bata mzinga. Hakupiga kelele. Aliita jina langu tu, lote, pamoja na lile la katikati. Tukashuka wote. Bata mzinga alikuwa mweupe na baridi. Waya wake ulikuwa sakafuni. Pembeni taa nyekundu ya sosi yangu inawaka vizuri kabisa. Friza ya Darrell inanguruma kwa furaha.

Nikasema angalau sosi iko tayari. Nilidhani itasaidia.

Darrell akafunua kifuniko. Kumbe jelatini ikipata moto hurudi kuwa maji. Akachovya kijiko, akakiinua, ikachuruzika yote. Akaniuliza kwa sauti ya kujali kweli, shemeji, hii inanyweka kwa mrija au tunaoga?

Hata hivyo, Mama mkwe alinisamehe. Hilo niliandike, maana lilitokea. Akasema Vernon naye aliwahi kumsahau bata mzinga kwenye buti la gari, watu hukosea, tutakula viazi na pai na kopo la Darrell. Alinipigapiga begani kabisa. Tukapanda juu. Kopo likafunguliwa, sosi ikatoka imesimama na pete zake, makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa na njaa. Nikapewa kipande chenye pete tatu. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na amani.

Halafu Mama mkwe akasema baada ya siku kama hii anataka brandi, yenye barafu.

Bonnie alinyanyuka haraka mno. Mama mkwe akamwambia keti, barafu ni ya Curtis, acha ailete Curtis. Nikaenda. Nikafungua boksi mbele ya meza nzima. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, na ile mifuko ya kranberi ilikuwa imepanda juu, inaelea, mikubwa, myekundu. Mama mkwe akauchukua mmoja kwa vidole viwili, akautoa maji, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti. Massachusetts.

Darrell akavua kofia.

Mama mkwe akasema, bata mzinga, sawa. Bata mzinga ni bata mzinga. Lakini Massachusetts, Curtis? Ndani ya nyumba ya Vernon? Mezani pake?

Nikajitetea kuwa kwa Darrell hapakuwa na hata moja, niliangalia kwa macho yangu. Darrell akanitazama kama mtu anayehesabu. Akaniuliza, lile boksi ulilosogeza ili upate ngazi, ulidhani nini? Akasema kila mwaka hutuwekea boksi palepale nyuma ya banda, mimi na Bonnie, na kila mwaka Bonnie hulichukua, na mwaka huu aliponiona nimekuja alidhani nimelijia mwenyewe ila naona haya kuomba. Ndiyo maana alinielekeza nyuma. Akasema, ungesema neno moja tu, shemeji.

Nikamgeukia Bonnie; akasema sikumuuliza. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Ndipo Mama mkwe akaomba nikapashe injini moto.

Ijumaa, 29 Novemba

Mama mkwe amepiga simu. Kwa mara ya kwanza katika ndoa hii amesema nipewe mimi simu. Bonnie anasema maneno yenyewe yalikuwa, nipe huyo Massachusetts, lakini ni mwanzo. Ya Illinois wameyasahau.

Nilijiandaa kwa lolote. Akavuta pumzi, akasema amefikiri usiku, na mwaka ujao hataki nilete chakula. Hataki hata barafu. Akasema, njoo wewe tu, mwanangu. Mikono mitupu. Na mikono hiyo uiweke mahali ninapoiona.

Nimeguswa sana. Darrell, mwanawe wa kumzaa, lazima alete kopo. Bonnie lazima aoke. Hata Vernon, Mungu amrehemu, alimenya viazi mpaka mwaka wake wa mwisho. Mimi peke yangu natakiwa kama nilivyo. Mgeni rasmi! Nimemweleza Bonnie kuwa nimepandishwa cheo. Akaenda kulala saa nane mchana.

Darrell alipita baadaye na lile boksi la kranberi. Nikamwambia safari ijayo barafu ataleta yeye. Akasema hakuna neno. Akaulizia ngazi yake. Nikamwomba anivumilie nayo kidogo.

Kwa sababu nimewaza. Mama mkwe ni mstaarabu, anasema mikono mitupu ili nisijisumbue, lakini wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Mgeni rasmi hawezi kuingia hivihivi. Na baada ya jana, kitu ambacho nyumba ile inakidai ni bata mzinga aliyeiva. Nimeangalia leo jinsi wanavyofanya wanaojua: unasimamisha ngazi juu ya sufuria la mafuta, unamfunga ndege kwa kamba, unamshusha taratibu ukiwa umesimama mbali. Kosa langu la zamani lilikuwa kumshusha kwa mkono.

Pale mbele ya gereji kuna nafasi nzuri. Ngazi tayari ninayo.