Malalamiko ya Mkwe Kuhusu Fuso na Kirikuu

Magomeni, Bagamoyo

Mama mkwe mpendwa, Bi. Kuruthumu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Nakuandikia ingawa nyumba zetu zinatenganishwa na mitaa miwili tu, kwa sababu ana kwa ana huwa unashinda kabla sijamaliza salamu.

Kama ujuavyo, kazi yangu ni kupeleka mizigo ya haraka. Mtu mwenye kitu kimoja kinachotakiwa mahali leo hii hunipigia mimi. Napakia, naondoka peke yangu, bila kusubiri mzigo wa mwingine. Sasa kirikuu changu, ile pikapu ndogo unayoijua, kimechoka, na Ijumaa familia itakaa kuamua ninunue gari gani. Mimi nataka kirikuu kingine. Wewe unataka Fuso, lori zima. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo, kwa heshima zote.

1. Kwenye harusi ya binti wa Bi. Sihaba ulinitambulisha kwa wageni kuwa "mkwe wetu mwenye kigari." Mkwe wa Bi. Sihaba, ambaye Fuso lake halijatoka uani tangu Ramadhani, ukamwita "mwenye gari." Mama, hiyo "ki" iliniuma. Naomba ukumbuke kwamba kirikuu kina ukuu ndani ya jina lake. Fuso halina.

2. Mwezi uliopita nilikusikiliza. Pampu ya kisima cha Ubena ilikufa, nikapewa mpya niwapelekee wanakijiji. Ili nionekane mtu mzima, nikaazima Fuso la mjomba Ausi, ndugu yako. Pampu ile ilikuwa na uzito wa beberu aliyeshiba. Njia nzima iligongagonga huku na huku kule nyuma kama inatafuta mwenzake. Kirikuu hupita mizani bila kuulizwa. Fuso lilipanga foleni nyuma ya malori ya saruji, saa mbili na nusu, ili beberu wangu apimwe. Nilifika Ubena Alasiri. Wanawake walikuwa wameketi juu ya ndoo tupu tangu asubuhi. Bi. Maulida, mwenyekiti wa kamati yao ya maji, alichungulia nyuma, akaiona pampu kule pembeni, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, umetuletea pampu, au umeihamisha na ukoo wake?" Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliniomba maji ya chupa yangu, nikampa, akayamaliza. Mama, nilitamani kujificha chini ya gari, na Fuso, nakiri, lina nafasi ya kutosha kule chini.

3. Fuso linataka utingo wa kupakia na kushusha. Mimi nafanya kazi peke yangu kwa sababu napenda ukimya. Nilipokueleza hivyo ulisema basi utakuja wewe mwenyewe. Sikulala vizuri siku mbili.

4. Umewaambia majirani kuwa kirikuu kinamdhalilisha mwanao. Nimemuuliza mwanao. Hafidha anasema ndani ya kirikuu hatuwezi kununiana, nafasi haitoshi.

Kutokana na hayo, naomba safari saba za kirikuu zihesabiwe kuwa Fuso moja, na hesabu hiyo uitangaze mwenyewe kwenye shughuli yoyote yenye watu wasiopungua mia. Pili, naomba yeyote ambaye hajawahi kufunga kamba ya mzigo asiruhusiwe kutoa maoni siku ya Ijumaa, hata kama kikao kinafanyika sebuleni kwake. Ombi langu likikataliwa, nitajiuzulu ukwe. Nitabaki mume wa Hafidha, maana yeye sina ugomvi naye, ila nafasi ya mkwe itakuwa wazi, na unaweza kumtafuta mtu wa kuikaimu.

Nisalimie mjomba Ausi, wapangaji wote wa uani, na yule kuku wako mweupe ambaye hunipokea vizuri kuliko wengine.

Ni mimi mkweo, bado kwa sasa,
Muzammil Bilali

Nyongeza: Barua hii nilishaifunga jana, ndipo zahanati moja upande wa Saadani wakanipigia. Walitaka jokofu la chanjo siku ile ile, na fundi akasisitiza lisafiri limesimama, lisilazwe hata kidogo. Kwenye kirikuu lingependeza mpaka kona ya kwanza. Nikaazima tena Fuso la mjomba. Jokofu limefika salama, na muuguzi alilipapasa kama mtoto aliyerudi safari.

Mama, kule juu mtu anaona mpaka ndani ya nyua za watu. Wanaume ambao hawajawahi kunijibu salamu, leo wameanza wao. Na honi ile! Nimepita mbele ya baraza lako mara tatu nikiipiga, hukuwepo. Kesho saa nne asubuhi nitapita tena, kabla sijalirudisha. Tafadhali sana, uwe nje.