Faini za Kikosi cha Pili

Jumatatu, 3 Juni
Nimechaguliwa mweka hazina wa Kikosi cha Pili cha zimamoto! Kura zote. (Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.) Sisi ni wa kujitolea: hatulipwi, tena tunalipa ada, na anayekosa kengele ya moto anapigwa faini. Kasha tupu. Gari halina matairi ya maana. Tusipoyapata kabla ya gwaride la tarehe 23, litavutwa na gari la Kikosi cha Tatu mbele ya mji mzima. Barría, mweka hazina wao, ameshaniuliza kama kamba tunayo au atuazime. Mshenzi.

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata. Wavivu wetu ndio mgodi wetu! Nikapendekeza faini ipande mara tano. Kapteni Hortensia akaniuliza kama nina hakika. Ninayo! Ikapita. Nimechukua matairi kwa Belarmino, muuza matairi, kwa mkopo. Rehani: pikipiki yangu.

Jumapili, 9 Juni
Baridi imeingia, watu wanachoma kuni mbichi, mabomba ya moshi ya majiko yanajaa masizi na kushika moto kila siku. Na kila kengele ikilia, wote wapo! Hata Rubén mwokaji, ambaye faini zake za mwaka jana zilitununulia mpira wa maji, alifika na unga mpaka kwenye nyusi. Mapato: hata peso moja. Kapteni kanipongeza kwa kuleta nidhamu. Nilitaka kulia.

Jumamosi, 15 Juni
Mbinu mpya. Nikawaalika wote kula kondoo wa kuchoma kwa shemeji yangu, ng'ambo ya mto. Nani ataacha nyama? Kengele ikalia. Wakarukia lori la shemeji, wakafika kabla ya Kikosi cha Tatu. Mimi nilibaki nageuza kondoo asiungue. Aliyepigwa faini ni mmoja tu. Mara tano.

Jumapili, 23 Juni
Belarmino kachukua matairi yake, na pikipiki. Tumevutwa. Bendera, tarumbeta, na Barría akinipungia mkono kama bibi harusi. Kapteni hakunisemesha siku nzima. Hilo limeniuma kuliko pikipiki.

Jumatatu, 24 Juni
Kosa nimeliona! Faini haikuwa na ubaya, ila tuliwalenga wasiohusika. Tangu sasa watozwe wanaowahi. Hao ndio wengi. Nimeshaenda kwa Belarmino kuchukua matairi. Rehani: jiko la mama mkwe. Bado hajaambiwa.