Ombi la Kuivunja Kamati Iliyoipigia Kura Draiva

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Lusungu na Auleria,
Mbezi Beach.

Baba Mdogo Rogers, shikamoo.

Na jambo la pili nililotaka kusema kabla simu haijakatika, ambayo kwa heshima naamini ilikatwa na mtandao, ni kwamba mume wangu hana tatizo lolote. Unasema amekuwa mkimya tangu aoe. Baba Mdogo, mwanamume aliyeoa juzi atazungumza na mkewe saa ngapi, ikiwa sebuleni kwake hapa Ukonga kila jioni kuna kikao? Ni mkimya kwa sababu mwenyekiti hajampa nafasi.

Desturi naijua. Kamati ya harusi haivunjwi mpaka wajumbe wale, wanywe na kuitazama video ya harusi waliyoihangaikia. Ni desturi nzuri na mie siipingi. Lakini video yetu imo ndani ya kompyuta ya mezani ya Lusungu, aliyoinunua tangu akiwa chuoni, na hapo ndipo kamati yako tukufu ilipopiga kambi. Naomba ivunjwe mara moja, kwa sababu zifuatazo:

1. Kura. Siku ya kwanza video ilikuwa inakwama-kwama. Ilionekana, ila kwa kusitasita, kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Nilipendekeza tuitazame hivyohivyo. Katibu wako, shemeji yangu Brightson, akasema dawa yake ni draiva mpya, yaani ile programu inayoiongoza kompyuta kuonyesha picha, akaitoa kwenye flashi yake. Kompyuta yenyewe ikaandika onyo kwamba draiva hiyo haiendani na kadi yake ya picha. Kwenye nyumba yoyote ya watu wenye akili, hapo mtu angeacha. Kamati yako ikalijadili onyo. Shangazi Tusajigwe akasimama, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, aseme sasa au anyamaze milele. Jirani yetu Bi Mahfudha, aliyekuja kurudisha sufuria tu, akasema, "Mashine haina chama, mnaipigia kura ya nini?" Akajibiwa kwamba yeye si mjumbe. Mikono ikanyooshwa, onyo likashindwa kwa kura, Brightson akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi tii. Mkapiga makofi mkidhani ndiyo inaanza.

2. Kamati Ndogo ya Skrini. Badala ya kuona haya, mliunda kamati nyingine ya kuchunguza giza. Mjumbe mmoja aliipiga skrini mgongoni, kama mtoto aliyepaliwa. Mwingine akashauri mashine ipumzishwe, ikafunikwa kwa kitenge changu cha sendi-ofu, nilichoagiwa nacho kwetu. Brightson akawa anaizima na kuiwasha, anaizima na kuiwasha, kisha akatoa taarifa kwamba hali ni ileile. Taarifa ikapokelewa. Na kila ilipopokelewa taarifa, mie nilikuwa jikoni nachambua mchele, kwa maana Kamati Ndogo ilikula kama kubwa.

3. Fungate. Baba Mdogo, mie ni mke mpya, na sioni aibu kusema kwamba nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote wanaolala upande huu wa mji. Lusungu humenya chungwa bila ganda kukatika, kisha kipande cha kwanza hunipa mimi. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, kama anayeficha zawadi. Haya yote nimeyaona kwa kuchungulia katikati ya vichwa vya wajumbe. Tumekuwa tukiandikiana mapenzi kwa simu tukiwa kwenye kochi moja, yeye kona hii, mimi kona ile, katikati ameketi Shangazi akiuliza nani ananitumia meseji usiku.

4. Azimio la Jumapili. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mlipitisha kwamba kompyuta imefariki, na kadi za michango zichapishwe ili maharusi wanunuliwe nyingine. Mama yangu kule Same ameshapigiwa. Mwanamke aliyetoka kuchangia ndoa ya mwanawe sasa anaombwa achangie tena, eti kwa sababu watu wazima wenye miwani hawakutaka kusoma sentensi moja mpaka mwisho.

5. Ukweli. Juzi mvua iliwazuia kuja, Mungu ni mwema. Mimi na Lusungu tukaiwasha kompyuta kwa ile hali salama, ambayo huwaka na vitu vichache tu vya lazima. Herufi zilikuja kubwa kama za kibao cha duka, lakini zilikuja. Lusungu akaiondoa draiva ya Brightson. Mie nikaingia uvunguni, nikaitoa CD ya zamani iliyouzwa pamoja na kompyuta, tukairudishia draiva yake ya awali. Ikawaka vizuri. Hapakuwa na ajenda wala muhtasari. Lusungu akanishika mkono akasema, "Auleria, wewe na mimi tunatosha kuwa kamati."

Video bado inakwama. Inakwama hasa pale anaponilisha keki: mkono wake unabaki hewani karibu na midomo yangu, macho yake kwangu, muda mrefu kuliko ilivyokuwa ukumbini. Sitaki irekebishwe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu: kamati ivunjwe kuanzia utakapomaliza kusoma ukurasa huu, sherehe ya kuivunja ifanyike kwako, video itazamwe na mikwamo yake yote, na atakayeshauri lolote atolewe nje. Brightson asiguse kitu chenye waya nyumbani kwetu, ikiwemo pasi. Na ndoa nyingine ya ukoo huu isitangazwe kanisani mpaka katibu wa kamati yake afanye mtihani wa kusoma onyo na kulitii. Mkikataa, nitawaandikisha wajumbe wote kwa balozi wa nyumba kumi kama wapangaji wangu, niwapangie na zamu za kuosha choo.

Msalimie sana Mama Mdogo na wote wa hapo nyumbani. Shangazi mpe salamu zake peke yake, ajue sina kinyongo. Hata Brightson msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi, mke wa Lusungu (napenda sana kuliandika hilo),
Auleria.

Tanbihi: Nilipotoka kwenda kuazima bahasha kwa Bi Mahfudha, kompyuta ilimtangazia Lusungu kwamba ipo draiva mpya zaidi. Likafuata onyo. Alilisoma lote, kisha akakubali. Anasema alitamani kuniona nikila ile keki bila kukwama. Baba Mdogo, huo si uzembe hata chembe, ni mapenzi, na nimemkumbatia mpaka tukaikalia ile CD ikapasuka. Skrini ni nyeusi, na draiva ya awali ilikuwa kwenye CD hiyo tu. Naomba kamati isivunjwe kwanza. Tutaibeba kompyuta wenyewe tuje nayo kwako Mbezi Beach kabla mwezi haujaisha. Waite wajumbe wote.