Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu,

Dada yako amekuja, mara ya kwanza tangu tukuzike. Anasema Jumamosi anaichukua cherehani yako, maana mimi miaka yote dukani nilikuwa mpiga pasi tu. Nikamwambia shemeji, unanionea. Akaniuliza nimewahi kushona nini. Nikakohoa.

Nina mpango. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza anataka koti. Nimemwambia ni kazi ndogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kukata. Kitambaa cha kijivu, kizuri. Fundi wa duka la pili, yule uliyempachika jina la Sindano kwa ajili ya mdomo wake, alichungulia akauliza nakata koti au kabichi. Nikafunga mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mikono yote miwili ni ya kushoto. Nilipomaliza wa kwanza sikuigeuza karatasi ya kukatia. Wewe ulikuwa ukiigeuza huku unaimba. Kitambaa kimekwisha, nimeishona hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu amelijaribu. Mkono wa kulia ulimvuta kama amekamatwa na askari. Akajitazama kwenye kioo, akasema kwa upole kwamba Waingereza wana neno la kazi kama hii: fiasco, kushindwa kwa aibu kubwa. Wamelitoa kwa Waitalia, na kwao ni chupa tu. Nikauliza chupa imekosa nini. Akasema hakuna mwenye uhakika, ila wapo wanaosimulia kwamba mafundi wa vioo, chombo cha fahari kikiwaharibikia, walikigeuza chupa ya kawaida.

Nikakumbuka foronya zetu. Zote zilianza maisha kama magauni. Nikachukua mkasi, nikaing'oa mikono yote miwili.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu ameondoka na kizibao, anatembea kama bwana harusi. Kabla hajatoka, dada yako aliipapasa mishono, akasema hata wewe ulianza hivi. Cherehani imebaki. Nimekaa chini nikashusha pumzi za wiki nzima.

Jumapili, 9 Machi

Sindano anasema kizibao ni bahati, gauni la harusi siliwezi. Nimeshampata bibi harusi. Anataka mikono mirefu. Wa kwanza nimeukata leo, umetoka vizuri ajabu. Karatasi nimeiacha vilevile ilivyolala, ili wa pili kesho nisikosee.

Unikumbuke, mke wangu.