Ng'ombe wa Bluu Kihesa

Jamani wenzangu wa Mbeya, nawaandikia kabla hamjayasikia kwa wengine. Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya majirani wote.

Mnanijua. Mimi na jiko la mama hatuachani. (Hata huko shuleni kwetu Mbeya nililia wiki nzima ya kwanza, msijifanye mmesahau.) Sasa hapa Kihesa imetokea nafasi ya mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nikiikosa, napelekwa Igowole, kwenye baridi, nisikojua mtu. Wa kulipeleka jina langu ni balozi wetu wa nyumba kumi.

Mchana likaja gari la sinema. Madirisha ya ukumbi wa shule yakazibwa kwa mablanketi. Bwana sinema, ambaye siku zote ndiye hutueleza picha, alikuwa na mafua, sauti imemkauka kabisa. Balozi akasimama.

"Kijana wetu ana kidato cha nne. Atatufasiria."

Nikasimama nimeshaajiriwa (kichwani mwangu).

Picha ikaanza. Hamna watu! Ni michoro mitupu, lakini inatembea. Mzungu mwenye ndevu, shamba la njano, ng'ombe wa bluu. Na Kiingereza chake? Kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Sikuambulia hata neno. Lakini gari lile halijawahi kutuletea kitu zaidi ya kilimo na mifugo. Nikakohoa.

"Huyu ni mkulima. Ng'ombe wake wamegeuka bluu kwa kukosa josho."

"Yesu wangu!" Huyo ni Mama Tuli, jirani yetu, ana ng'ombe wawili. "Wanapona, mwalimu?"

(Mwalimu! Mmesikia?)

"Wanapona, mama, wakiwahishwa."

Mzungu akashika brashi. "Sasa anawapaka dawa." Mti ukawa mwekundu. "Ugonjwa umefika kwenye miti." Mzungu akakaa peke yake, analia. "Amechelewa kumwita bwana mifugo."

Watu wakaguna kwa huruma. Mama Tuli akaomba njia, akatoka mbio kwenda kuogesha ng'ombe. Bwana sinema alikuwa ananipungia mikono yote miwili. Nikajua ananipongeza. Nikampungia na mimi.

Picha ikaisha, mablanketi yakashushwa. Bwana sinema akaenda ubaoni, akaokota chaki, akaandika. Na watu wa kisomo wakiona maandishi ubaoni hawajizuii. Wakasoma wote kwa pamoja, kama walivyozoeshwa na mwalimu aliyeondoka:

"Hi-i ni ha-di-thi ya m-cho-ra-ji ma-shu-hu-ri. Ng'o-mbe ha-wa-u-mwi. A-li-pe-nda tu ra-ngi ya blu-u."

Kisha bibi mmoja akaurudia mstari wa mwisho peke yake, kwa furaha ya kuumaliza bila kukosea.

Nikamgeukia balozi. "Shikamoo, mzee," ikanitoka. (Nilishamwamkia asubuhi.) Wala hakunisikia. Alikuwa anafuta machozi ya fahari.

"Mmewasikia? Wanasoma wenyewe! Hapa mwalimu mwingine wa nini tena? Kijana, wewe nenda Igowole, huko bado wana shida."

Basi ndiyo hivyo. Nimenyimwa darasa kwa sababu limefaulu kabla sijaingia. Nawaombeni msicheke, ndugu zangu. Mama ameshacheka kwa niaba yenu wote, na bado anaendelea.