Kilomita za Gari Lililo Juu ya Mawe

Jumatatu, 3 Machi

Fomu zangu zimerudi. Zote tatu! Mhasibu wa chama cha mpira, yule tunayemwita Bi Risiti, kazisukuma mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mende. Kanuni ya saba, akasema. Hakuna tiketi ya basi, hakuna nauli.

Nikamwambia tiketi zipo. Akauliza ziko wapi. Nikazitoa. Donge jeupe, gumu, la ukubwa wa kokwa. Tiketi sita hizo, mechi tatu, kwenda na kurudi. Siku zote naziweka kwenye mfuko wa kifuani wa jezi, pamoja na kadi ya njano na nyekundu, kwa kuwa kadi sizisahau kamwe. Jezi ikafuliwa. Kadi ni za plastiki, zikapona. Bi Risiti alilitazama lile donge, akasema haliwezi kubanwa kwa pini. Akanipa kijitabu cha kanuni, akaniambia nikisome chote, hasa ukurasa wa tatu. Mimi! Refa wa miaka kumi na tisa nisomeshwe kanuni na mtu asiyejua kuotea ni nini!

Hizo ni elfu tisini na sita. Tena si zangu, ni za mke wangu. Chama hakitangulizi nauli. Refa anajilipia kwanza, kisha anarudishiwa, na mimi nilijilipia kwa pesa zake za cherehani. Ameshatanguliza nusu dukani. Nusu iliyobaki inatakiwa Jumamosi ya tarehe kumi na tano, la sivyo mashine anauziwa mtu mwingine, na yeye amepewa kazi ya kushona sare za shule nzima. Nilimwambia zitarudi ndani ya wiki moja. Hiyo ilikuwa Januari.

Leo ameniuliza. Nimemjibu kwamba suala liko kwenye mchakato. Akasema hajawahi kuona mchakato ukishona sketi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kijitabu. Ukurasa wa kwanza tu, lakini umenitosha. Kanuni ya nne! Anayesafiri kwa gari lake mwenyewe hatakiwi tiketi, analipwa kwa kilomita.

Na gari ninalo. Liko nyuma ya nyumba juu ya mawe manne, mwaka wa pili huu. Matairi niliyauza moja moja, kila moja lilikuwa na dharura yake. Kuku anatagia kiti cha nyuma na mke wangu anaanika magodoro kwenye boneti. Ila namba lina, na kadi ya usajili lina. Nimeipitia kanuni ya nne mara tatu. Haisemi popote kwamba gari lazima liwe na matairi.

Nimejaza fomu upya. Elfu mia na arobaini! Nikaona niongeze na ubinadamu kidogo: nimeandika kwamba safari zote tatu nilimbeba mshika kibendera wangu, yule tunayemwita Bwana Mstari kwa sababu hata barabarani anatembea pembezoni. Anayembeba mwenzake anapewa nyongeza. Tulipanda basi moja, kiti kimoja, na alinilalia begani njia nzima. Kwa hiyo kumbeba nilimbeba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitwa ofisini. Nikaenda na mfuko mtupu wa kutilia pesa. Kumbe! Bwana Mstari naye yupo, kakaa kwenye benchi kama bwana harusi.

Bi Risiti akaweka fomu mbili mezani, yangu na yake. Yangu inasema nilimbeba yeye kwa gari langu. Yake inasema alinibeba mimi kwa gari lake. Siku ileile, mechi ileile. Hana gari huyu mtu! Hana hata baiskeli! Bi Risiti akauliza kwa upole kabisa magari hayo mawili yalifikaje uwanjani, ikiwa kila dereva alikuwa abiria kwenye gari la mwenzake. Nikamwambia barabara ile ina kona nyingi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Bwana Mstari akacheka, akasema samahani dada, amekosea fomu. Akavua kiatu cha kushoto. Kutoka kwenye soksi akatoa kifuko cha plastiki, na ndani yake tiketi sita, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Akalipwa palepale, mbele ya macho yangu! Akaniambia pole, kaka, yatakwisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kibendera, alikuwa anakishika kama ufagio. Asante ya punda ni mateke.

Mimi nimeambiwa nilete gari Jumatano ijayo, lisomwe mita.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa magari kuuliza kama anakodisha matairi manne kwa saa mbili. Akauliza injini inawaka? Nikasema inahitaji kubembelezwa. Akaja kuangalia, akafungua boneti, akaifunga polepole kama mtu anayefunika maiti. Akaniambia kile si gari tena, ni banda. Mke wangu alikuwa dirishani, amesikia kila kitu.

Baadaye nimekuta nakala ya fomu yangu imehamishwa. Niliiacha chini ya redio, sasa iko juu.

Jumapili, 9 Machi

Usiku mmoja wa kufikiri umezaa kitu. Kanuni ya tisa, mwisho wa ukurasa wa pili: mechi ikimalizika baada ya saa kumi na mbili jioni, mbali na nyumbani, refa analipwa posho ya malazi. Kiasi gani? Elfu tisini na tano! Imepungua elfu moja tu kufikia deni. Mwenyewe nilijiinamia.

Mechi ya leo ilianza saa kumi na dakika tano, mpira ulikuwa haujajazwa upepo. Hesabu zangu: ikienda kwa kawaida itaisha saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Dakika kumi, na nani anashika saa? Mimi!

Mapumziko niliyavuta kidogo, nilijifanya natafuta filimbi. Kipindi cha pili nikafunga kamba za viatu mara mbili. Dakika ya tisini ikafika, wenyeji wanaongoza bao moja kwa sifuri, jukwaa linaniimbia nipulize. Nikaonyesha vidole vya nyongeza. Vidole vyote kumi.

Hakuna mchezaji aliyeumia. Hakuna aliyebadilishwa. Mpira haukutoka nje ya uzio hata mara moja. Bwana Mstari aliniangalia, akaangalia saa yake, akaniangalia tena, na nikaona uso wake umeelewa. Dakika ya tisa ya nyongeza wageni wakasawazisha. Ya kumi wakafunga la pili. Nikapuliza saa kumi na mbili na sekunde arobaini. Sijawahi kupuliza filimbi kwa furaha namna ile.

Furaha ilidumu mpaka nilipogeuka nikaona watu wanaruka uzio.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala chumba cha kubadilishia nguo, juu ya benchi la mbao, mlango nimeuzuia kwa meza. Basi la mwisho liliondoka saa kumi na mbili kamili. Hilo sikulipigia hesabu.

Nje walikaa mpaka wakachoka. Kuna mmoja alikuwa akiniuliza kupitia dirishani, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba zile dakika kumi nimezitoa wapi. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Wengine walitukana tu.

Posho ya malazi ninadai hata hivyo. Malazi ni malazi.

Jumatano, 12 Machi

Sikupeleka gari. Nimepeleka fomu ya malazi. Bi Risiti kaisoma, kavua miwani, kaniuliza kama nimesoma ukurasa wa tatu. Nikasema bado. Akanifungulia mwenyewe, akaweka kidole.

Kanuni ya kumi na moja. Refa aliyepoteza tiketi atalipwa nauli yote, akileta barua fupi yenye sahihi ya kamisaa wa mchezo kuthibitisha kwamba alimwona uwanjani.

Nauli yote! Sahihi moja! Tangu tarehe tatu jibu lilikuwa mkononi mwangu! Nilitaka kulia mbele ya yule mwanamke. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema aliniambia. Ni kweli aliniambia. Nimemchukia kwa hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa kamisaa. Kamisaa wa kanda yetu ni mmoja, mechi zote anasimamia yeye. Mzee mtulivu, ana kalamu tatu mfukoni. Kanikaribisha vizuri, kanikalisha. Nikamweleza habari ya tiketi na jezi. Akasikitika kabisa. Akasema anakumbuka, mara zote tatu aliniona nikishuka basi, na mwenzangu akinilalia. Angetia sahihi bila shida, akasema, kama ningekuja wiki iliyopita.

Halafu akanionyesha alichokuwa anaandika. Ripoti ya mechi ya Jumapili, kurasa nne. Akaniomba nimsaidie mahali pamoja tu, jina la mchezaji aliyeumia kwa dakika kumi. Nikatazama dari. Akasema Bwana Mstari naye ameandika ripoti yake, ameeleza hata habari ya kamba za viatu. Akasema, mwanangu, siwezi kuweka sahihi yangu upande mmoja nikithibitisha safari zako, na upande wa pili nikikushtaki, watu watanionaje. Mwanangu! Ananizidi miaka minane tu.

Nimerudi kwa miguu. Kesho kutwa ndiyo Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitoka asubuhi kuomba mkopo kwa shemeji. Shemeji alikuwa anaoga. Nikasubiri saa mbili, bado anaoga.

Niliporudi, nyuma ya nyumba kuna mawe manne tu. Kuku anazunguka, anatafuta kiti chake. Gari hakuna!

Nikapiga kelele za mwizi. Majirani wakatoka, wakaniangalia, wakarudi ndani. Mke wangu alikuwa sebuleni, anafungua boksi. Cherehani mpya, nyeusi. Amemuuzia gari mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia hana haki. Akanikumbusha kwamba kadi ya gari niliiandika kwa jina lake mwaka ule niliokuwa nawakwepa watu wa mkopo. Lilikuwa wazo langu. Nilijisifu nalo wiki nzima.

Kisha akaniambia kwamba fomu aliisoma. Alitaka kujua gari lilikwendaje kilomita zote zile mwezi wa Januari na magodoro yake juu. Hakuwa anacheka. Akasema angenisamehe pesa zile hata zisiporudi, kama ningemwambia tu kwamba tiketi zimefuliwa, maana jezi alifua yeye, na mfuko hakuukagua mpaka alipopapasa donge wakati wa kuanika, na siku zote hizo alikuwa anajilaumu.

Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona aibu mpaka miguu. Nilitaka kumwambia neno. Lakini alishaanza kupitisha uzi kwenye sindano, na mtu anayepitisha uzi hasemeshwi.

Jumatano, 19 Machi

Barua ya chama imefika. Nimesimamishwa. Kikao cha nidhamu ni makao makuu, Jumatatu, saa nane mchana. Klabu ya wenyeji inataka nifungiwe maisha. Mechi itarudiwa, na refa atakuwa nani? Bwana Mstari! Wamempandisha. Atashika filimbi kama anavyoshika kibendera.

Mke wangu anashona tangu alfajiri. Nimemuomba nauli ya kwenda kikaoni. Kanipa bila kugeuka, akasema nimletee tiketi. Tangu lini nyumba ya mtu ikawa na mhasibu?

Ijumaa, 21 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Nimefungua ukurasa wa nne. Safari hii nimesoma kweli, wala sikuharakishwa. Kanuni ya kumi na nne: refa anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu anarudishiwa nauli, hata akikutwa na hatia. Na kikao kikimalizika baada ya saa kumi na mbili jioni, posho ya malazi. Ileile, elfu tisini na tano!

Kikao kinaanza saa nane. Kwa hiyo ni saa nne tu za kujitetea. Nitaanza na utoto wangu. Nitaomba maji. Nitakohoa. Nitataka ripoti ya kamisaa isomwe yote, kurasa nne, kisha nitasema sikusikia vizuri. Hawa hawajui wanacheza na nani. Pesa hizo nitampa mke wangu mkononi, zote, na tutaona kama hatageuka.

Tiketi nimeshakata mapema. Bi Risiti hatanipata tena. Nimeiweka pamoja na kadi zangu, mahali ambapo hata nikiwa usingizini siwezi kuisahau.

Kikaoni nitavaa jezi, wajue wanaongea na refa. Mke wangu kasema inanuka ule uwanja. Ameiloweka tangu asubuhi.