Bata-Mfalme wa Ziwa Osier

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemwona! Bata-mfalme! Hapa hapa Ziwa Osier, pembeni mwa matete! Kichwa cha buluu, mdomo wa rangi ya chungwa, kifua cheupe. Ndege wa bahari ya kaskazini kabisa, kaja kutua kwetu Minnesota, na aliyemwona ni mimi, Wendell Aaberg! Nilimtazama kwa darubini mpaka jicho likatoa machozi. Hakutikisika hata kidogo. Ndege mtulivu, mwenye adabu zake.

Ardis, mke wangu, alikuwa gatini akitazama kerengende wekundu, wale wadudu wadogo wa mwisho wa mwaka. Nikamwita aje aone. Akasema nisubiri avae miwani. Nani ana muda wa kusubiri miwani? Nikatuma habari kwenye kundi la chama chetu cha watazama ndege papo hapo.

Bi Noreen, mwenyekiti wetu, alishanionya. Majira ya baridi nilitangaza bundi mweupe. Watu wakaja, theluji magotini, kumbe ni mfuko wa karatasi umenasa kwenye waya. Akaniambia kwa upole wake ule wa kutisha kwamba nikikosea tena mara moja tu, ananitoa kwenye kundi. Nikitolewa nitakuwa nani? Tangu nistaafu kuuza mabomba sina watu wengine. Ardis ana kwaya yake. Mimi nina kundi.

Lakini safari hii sijakosea. Kichwa cha buluu kabisa!

Jumatano, 9 Oktoba

Noreen anataka picha. Haki yake. Nikachukua mtumbwi asubuhi, nikapiga kasia polepole. Bata hakuruka. Nikasogea. Hakuruka. Nikajisifu moyoni kwamba kaniamini. Nikafika karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Nikamgusa.

Mbao.

Mungu wangu! Mbao na rangi, na jicho la kifungo! Bata wa bandia, wale wanaowekwa majini na wawindaji ili kuwahadaa bata wa kweli. Kamba yake imekatika, upepo ukamleta, matete yakamnasa. Yaani nimeingizwa mjini na kitu kilichochongwa kudanganya bata!

Akili ikaja haraka. Nimbebe, nimfiche chini ya kiti, niseme karuka kwenda zake kusini. Ndege wa namna hii huondoka kila siku, nani atalalamika? Nimeshanyoosha mkono, nasikia makelele kutoka ufukweni. Watu watatu, wana darubini kubwa za miguu mitatu. Wametoka Iowa, wameendesha gari tangu alfajiri! Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akaniuliza, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, kama sina haya kumbughudhi ndege aliyechoka na safari. Niondoke hapo mara moja! Nikaomba radhi. Nikaondoka. Ningefanya nini?

Jioni ikawa mbaya zaidi. Curtis Bratvold, jirani yangu, mtu asiyekubali mwenzake aone kitu peke yake, kaandika kwenye kundi kwamba bata huyo yeye alishamwona tangu Jumatatu. Eti hakutaka tu kutangaza mapema. Eti alimwona akipiga mbizi na kuibuka na kome mdomoni. Kome! Mwongo mkubwa yule! Najua kabisa kwamba anaongopa, na sina hata mtu mmoja ninayeweza kumwambia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Matembezi ya vuli ya chama, Jumamosi hii, yamehamishiwa Ziwa Osier. Kwa ajili ya bata wangu. Noreen kaniandikia kwamba anajivunia mimi. Nimesoma ujumbe ule mara nne, nikazima simu.

Watu wanazidi kumiminika. Wamekuja na viti vyao, kahawa, keki za maboga. Wanatazama mbao kwa heshima zote. Lakini leo bwana mmoja kutoka Duluth alisema ndege huyu ni "tofauti kidogo". Huku kwetu mtu akisema kitu ni tofauti, ujue ameshatukana. Akaongeza kwamba tangu afike hajamwona akisogea. Curtis akamjibu kwamba hivyo ndivyo ndege wa baharini wanavyopumzika, kila mtu anajua. Nami nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Mimi! Kumuunga mkono Curtis! Nilitamani ardhi inimeze.

Ardis ameuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo. Akasema tumbo langu huuma kila ninapokuwa nimefanya jambo, nimwambie ni jambo gani. Nikajitia kutosikia.

Lazima bata asogee. Asiposogea nimekwisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nina akili mimi, basi tu watu hawajui. Nilifika kabla hawajafika, nikamfunga bata uzi wa kuvulia samaki, nikajificha kwenye matete na ncha nyingine mkononi. Maji kiunoni. Meno yakigongana. Wakakusanyika ufukweni, wakaweka darubini sawa. Nikavuta taratibu.

Bata akaanza kuogelea kinyumenyume.

Balaa! Kwa haraka nilikuwa nimemfunga mkiani! Nikafumba macho, nikangoja kusikia jina langu likitajwa. Nikasikia sauti ya Curtis. Anawaeleza watu kwamba kule kwao baharini mawimbi ni makali, kwa hiyo hawa wamezoea kurudi nyuma. Na watu wakaandika! Kwa furaha nikavuta kwa nguvu zote, bata akazama mzima, akaibuka. Yule mama wa Iowa akapiga makofi. Bwana wa Duluth akasema, haya, yaishe, kakubali.

Nimerudi nyumbani nimelowa, napiga chafya, lakini roho imetulia kidogo. Kesho ni kazi ndogo. Nitamwogelesha mbele ya chama, wafurahi, halafu wakienda kula nitamvuta matetini na kummaliza. Nitasema karuka. Kwisha habari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika nikiwa nimevaa blanketi. Naanza vipi?

Usiku baridi iligandisha kila kitu, matete yakawa meupe. Nilimwambia Noreen kwamba naumwa na nitachelewa. Nikaingia majini. Vidole vikafa ganzi, uzi ukawa unaniponyoka, basi nikaufunga kiganjani. Fundo la nguvu. Hapo ndipo nilipokosea.

Chama kizima kilikuja, na watu wa Iowa na jamaa zao. Harufu ya nyama na viazi vya kuoka ikanifikia mpaka matetini. Bata akaenda, akarudi, safi kabisa. Nikamsikia Noreen akisema maskini Wendell, angekuwepo aone watu wanavyofurahi kwa ajili yake. Nilitaka kulia.

Mara mngurumo wa boti. Verlyn Skoog, mwindaji wa ng'ambo, na lile jibwa lake la manjano. Jibwa likamwona bata. Likaruka majini.

Kelele! Jamani mbwa! Mbwa jamani! Mama wa Iowa akatupa chupa yake ya chai, ikamkosa. Jibwa likamdaka bata shingoni, likageuka kurudi kwa bwana wake, uzi ukakaza. Nikajaribu kung'ata fundo. Nikajaribu kusimama. Mwisho nikatoka matetini kwa tumbo, mbele ya chama kizima, nikivutwa na mbwa.

Verlyn akampokea bata, akamgeuza, akaanza kulia. Jitu zima lile! Kumbe bata yule alichongwa na marehemu baba yake, enzi wakiishi pwani ya Maine, na kila mwaka msimu wa kuwinda ukifunguliwa humweka majini kwa kumkumbuka. Alimpoteza wiki iliyopita, hajalala vizuri tangu siku hiyo. Akauona uzi. Akaufuata kwa macho mpaka mkononi kwangu. Akanikumbatia na maji yangu yote. Akasema nilimfunga ili asipotee tena, baba yake angenishukuru!

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana vilevile.

Ndipo Noreen akamgeukia Curtis. Kwa upole wake ule ule akamwomba atueleze tena habari za yule kome.

Jumapili, 13 Oktoba

Curtis ametolewa kwenye kundi. Mimi nimebaki!

Noreen alikuja mwenyewe baada ya kanisa. Akautazama mkono wangu, uzi umeuchora mstari mwekundu. Anajua. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema ameniacha kwa sababu ya machozi ya Verlyn tu, nisijidanganye kwamba kuna sababu nyingine. Na kuna sharti. Kuanzia leo nisitangaze kitu chochote mpaka mtu mwingine akitazame kwanza. Ardis yupo, anatosha. Ardis akaitikia kwamba ndiyo, anatosha. Nikaapa mbele yao wote wawili. Kwa kweli nimekoma. Haraka ndiyo iliyoniponza, sasa naiona waziwazi.

Jioni Ardis alirudi kutoka gatini kanyong'onyea. Baridi ile imewamaliza kerengende wake wote. Hakuna hata mmoja, akasema, mpaka mwakani. Nilimwonea huruma sana.

Jumatatu, 14 Oktoba

Maajabu! Kerengende! Mzima, baada ya baridi ile! Yuko kwenye tawi la mti juu ya maji, pale wavuvi wanaporushia ndoana zao. Mkubwa, wa kijani, anang'aa, sijapata kuona mfano wake! Ardis atafurahi mno! Nimekumbuka kiapo, nikamwita. Kasema nisubiri avae miwani.

Nasubiri. Naye ametulia tu. Hatikisiki hata kidogo, nadhani ni baridi. Upepo ukivuma anazunguka polepole, kama amening'inia kwenye uzi, wa buibui bila shaka. Na mkia! Umepinda kwenda juu, una ncha kali inayong'aa. Kerengende gani ana mkia wa hivyo? Hayumo kwenye kitabu chochote! Na akiruka je? Na Curtis akipita njia hii na kumwona kwanza?

Ardis bado anatafuta miwani.

Nimeshatuma. Watu wa Iowa wamejibu, wako njiani.